Kupima kwa Jicho

Neno ASALI lina herufi tano, na kijana aliyeketi mbele ya kompyuta anazisogeza tangu saa tatu asubuhi. Kila akibonyeza kitufe, herufi inahama kidogo mno, kiasi kwamba mgeni aliyesimama nyuma yake haoni tofauti yoyote. Yeye anaiona. Anaegemea kiti, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa, anabonyeza tena.

Mtu anaweza kuuliza kuna kazi gani hapo. Herufi zimekuja na programu, nafasi zake zilishapangwa na aliyezichora, na kwa rula umbali unaweza kuwa uleule kati ya herufi na herufi. Shida ndiyo hiyo. Jicho hupima weupe uliobaki kati ya umbo na umbo, na weupe haufuati rula. A imechongoka juu na kupanuka chini, kwa hiyo ubavuni mwake daima kuna pembetatu ya weupe. L ina mguu mmoja ulionyooka kwenda kulia, na juu ya mguu huo ni uwanja mtupu. I ni nguzo tu. Weka A kando ya L, kisha L kando ya I, zote kwa umbali mmoja wa rula, na neno litakatika machoni: ASA upande mmoja, L peke yake, I peke yake. Msomaji atasoma "asali" bila kukwama, lakini kuna kitu kitamsumbua asichoweza kukitaja, na huenda mkono wake ukaishia kwenye chupa ya jirani.

Dawa ya haraka ingekuwa kuivuta I karibu na L. Haiwezekani, maana mguu wa L utaigonga I na zote mbili zitaonekana kama U iliyoharibika. Basi fundi hufanya kinyume. Jozi isiyoweza kusogezwa zaidi, yaani L na I, ndiyo inayokuwa kipimo, na nyingine zinafunguliwa taratibu mpaka zilingane nayo. Hivyo ndivyo watu wanavyotembea na mzee wao: haachwi nyuma wala hakokotwi, ila wote hupunguza mwendo.

S nayo ina mambo yake. Ukiikuza kwenye kioo utaona imepanda juu ya mstari kidogo na kushuka chini yake kidogo, kuliko L na I. Aliyeichora alifanya hivyo makusudi, kwa sababu umbo la mviringo likikatwa sawasawa na nguzo huonekana fupi. Ncha ya A hupandishwa kwa sababu hiyohiyo. Vitu visivyolingana kwa rula vimefanywa hivyo ili vilingane kwa macho, na anayepanga neno lazima ajue wapi mwenzake aliyechora herufi alikwishafanya hesabu hiyo na wapi amemwachia yeye.

Mwishowe kijana analipindua neno juu chini. Likiwa limepinduka akili haisomi tena. Inaona maumbo na weupe tu, na kasoro iliyokuwa imejificha nyuma ya maana inajitokeza. Anarekebisha mara mbili tatu. Kisha anachapa kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, anakata kwa mkasi, anaibandika kwenye chupa na kuipeleka kwenye rafu iliyo mwisho wa chumba, katikati ya chupa nyingine za asali zilizonunuliwa madukani. Anarudi mlangoni na kuitazama kutoka huko, umbali ambao mnunuzi angesimama.

Ofisi hii ya usanifu iko ghorofa ya pili, jijini Dar es Salaam, juu ya duka la vifaa vya umeme. Wako watano. Mwenye ofisi ni mwanamke wa makamo ambaye kila mtu, hata wateja, humwita Dada. Kuna Mzee, aliyeanza kazi kwa kuchapa fulana na bendera, na ambaye sasa ndiye anayezungumza na wachapaji. Waliobaki ni vijana watatu, binti mmoja na wavulana wawili. Kazi zinazopita mezani kwao ni zile ambazo sote tunazishika bila kujua zimetoka wapi: lebo za viungo na unga, kadi za harusi, mabango ya semina, fulana za mbio za hisani, menyu za migahawa, nembo za vikundi vya akiba na mikopo.

Napenda kuwatembelea, na kila nikitoka pale najikuta natazama mji kwa macho mengine. Watu huzungumzia ubunifu kana kwamba ni mzuka unaompanda mtu akiwa amekaa. Kwa hawa watano, wazo zuri ni ujira wa kutazama kila siku, kupima, kufuta na kurudia, na kumfikiria muda wote mtu ambaye hutamjua jina. Lebo ya asali ilinionyesha hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ilianza kwa simu. Mteja ni mama wa Tabora anayeuza asali ya kikundi chao cha wanawake, asali ya misitu ya miombo, ile iliyokolea rangi. Dada aliiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Asali tumeipokea, ilifika na basi la jana."

Mama akaeleza anachotaka: nyuki, ua, sega, mti, namba ya simu iliyo kubwa, na maandishi ya dhahabu. Dada aliandika yote bila kupinga hata moja. Kisha akaanza kuuliza yeye. Chupa itauzwa duka la mtaani au supamaketi? Itakaa rafu ya juu au ya chini? Anayenunua zaidi ni nani, mzazi mwenye mtoto anayekohoa au kijana anayetaka kuacha sukari? Taa za dukani zikoje? Na mizinga yenu, mama, ni ya namna gani? Hapo mama akacheka. Akasema mizinga yao ni ya magogo, ile ya zamani ya kutundika juu ya miti, na akaahidi kutuma picha.

"Sasa hiyo nayo ya nini kwenye lebo?"

"Bado sijajua, mama. Nitumie tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Angeweza kujibu kwa maneno ya kitaalamu, na mama angenyamaza. Badala yake aliacha mlango wazi.

Katika ofisi hii hakuna anayefungua kompyuta kabla ya penseli. Sababu yao ni nzito: kompyuta hulivisha wazo changa nguo za wazo lililokomaa. Mstari wake umenyooka, rangi yake imejaa, na mtu akishaona kitu kinapendeza hivyo huona uchungu kukitupa. Penseli haidanganyi namna hiyo. Kwa hiyo kila mmoja hupewa karatasi ya A4 na kuikunja katikati mara nne, akapata vijumba 16. Karatasi hiyo, yenye milimita 210 kwa 297, ilipangiwa vipimo vyake kwa akili sana: kila ukiikunja katikati, nusu inayobaki ina uwiano uleule wa upana na urefu kama karatasi nzima. Vijumba vyote 16 ni karatasi ndogo za umbo moja, na kila kimoja kinadai wazo lake.

Vijumba vya kwanza hujaa upesi. Nyuki. Sega lenye pembe sita. Tone la asali. Kijiko. Hivi ndivyo vitu ambavyo mkono unavijua bila kumwuliza mwenyewe, na Dada anawaambia vijana wavichore vyote ili vitoke mkononi. Kisha akawaonyesha rafu ya mwisho wa chumba. Karibu kila chupa ilikuwa na nyuki, na karibu kila moja ilikuwa na sega la njano.

"Wote wamesema nyuki," akasema. "Na sisi tukisema nyuki, nani atatusikia?"

Kijumba cha tano, cha sita, cha saba, hapo ndipo kazi inapouma. Binti alikaa muda mrefu bila kuchora. Picha za Tabora zilipoingia kwenye simu, aliziangalia moja baada ya nyingine, akarudi kwenye ile iliyopigwa kwa kukosea, upande wa mwisho wa mzinga badala ya ubavuni. Ukiutazama mzinga wa gogo kutoka mwishoni unaona duara la mti, kifuniko cha ubao, na chini yake tundu dogo ambalo nyuki hupitia. Akachora duara, akaweka tundu chini. Akachora tena, tundu likiwa dogo zaidi. Hapakuwa na nyuki hata mmoja kwenye mchoro, lakini aliyewahi kuona mzinga ukining'inia mtini angeujua papo hapo, na ambaye hajauona angekuwa na swali la kumfanya ainue chupa.

Wazo hilo lilikuja mchana mmoja, lakini lilikuwa limetayarishwa kwa miaka. Ukuta mmoja wa ofisi umejaa vitu ambavyo wameokota, wamenunua au wamepewa: viberiti vya zamani, tiketi za basi, pakiti za majani ya chai, picha za mabango ya saluni yaliyochorwa kwa mkono, kipande cha ukili kutoka Pemba, kanga. Hakuna anayenakili kutoka ukutani. Wanautazama wakinywa chai, na wakibishana wanaunyooshea kidole. Kila mwezi kitu kimoja hushushwa na kuzungumzwa na wote: kwa nini aliyekitengeneza alifanya hivi, na alikuwa na shida gani mkononi?

Kanga ndiyo inayoshushwa mara nyingi kuliko vyote, na ninaelewa sababu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani msemo wake, kwenye kisanduku. Sehemu hizo tatu zimewatosha watu wa pwani kusema mapenzi, dua, ugomvi na shukrani kwa zaidi ya karne. Husimuliwa kwamba mtindo wa kuandika misemo juu ya kanga ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Misemo ya mwanzo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ikaja ya herufi za Kilatini. Mbunifu wa kanga ana kitambaa cha karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na anajua kitakunjwa, kitafungwa, kitabeba mtoto na kitatembea barabarani. Jina lazima lisomeke juu ya mwili unaotembea. Ndiyo maana maneno ni machache, herufi ni kubwa, na kisanduku hakichezewi na maua. Kila uamuzi umetoka kwenye matumizi.

Ukili unafundisha jambo jingine. Mkeka hushonwa kwa mikanda mirefu iliyosukwa, na msukaji anayetaka nakshi ikutane vizuri kwenye mshono lazima ahesabu miyaa yake tangu mwanzo wa mkanda. Akipotea kwa mwaa mmoja, kosa halionekani hapo. Litaonekana baadaye, mikanda ikishakutana. Vijana wanaochora pindo la kujirudia kwa ajili ya karatasi ya kufungia zawadi wanapambana na hesabu hiyohiyo: mwisho wa kipande lazima ushikane na mwanzo wake, kulia na kushoto, juu na chini.

Na kuna mchoro mdogo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza michoro yake Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia ubao laini wa mraba na rangi za kung'aa za mafuta, zile za kupakia baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Rangi aliyokuwa nayo ilimtaka achore maumbo makubwa yenye mipaka safi na rangi moja bapa ndani yake, na kutoka humo ukazaliwa mtindo unaotambulika hata ukiuona kwa mbali. Dada huutumia mchoro huo kuwajibu vijana wanaolalamika kwamba mteja ana fedha ya rangi mbili tu.

Mzimbabwe Saki Mafundikwa, aliyefanya kazi ya usanifu New York kisha akarudi Harare na kuanzisha chuo cha usanifu cha ZIVA mwaka 1999, amekuwa akihimiza jambo hili kwa muda mrefu: kwamba mbunifu wa Afrika atazame alama, nakshi na maandishi ya kwao kabla ya kukimbilia ya wengine. Katika chumba hiki sikusikia hotuba juu ya jambo hilo. Niliona lebo ya asali ikipangwa kama kanga. Pindo jembamba la viduara vidogo vya mzinga likazunguka. Jina likakaa juu kidogo ya katikati, kwa sababu kitu kilichowekwa katikati kabisa kwa rula huonekana kimezama. Na mji ukaachwa mtupu.

Utupu huo ndio uliokuwa mgumu kuutetea. Mama alipotumiwa mchoro alipiga simu.

"Mwanangu, hapo katikati mbona hakuna kitu?"

"Mama, hapo ndipo macho yanapopumzika ili yaone jina. Tukijaza, jina litapotea."

Mama hakukubali mara moja, na Dada hakumlazimisha. Alimtumia picha mbili za rafu, moja yenye lebo iliyojaa na nyingine yenye lebo tupu, akamwomba awaonyeshe wenzake wa kikundi kisha aulize waliona chupa ipi kwanza. Jibu lilirudi jioni. Wanawake wa kikundi walikuwa wamechagua wenyewe.

Kisha yakaja maneno, na hapa ndipo nilipojifunza jinsi lugha yetu inavyomfanyisha mbunifu kazi. Mama alitaka lebo iseme kwamba asali yake haijachanganywa na sukari wala maji. Neno "Haijachanganywa" lina herufi 15. Haliwezi kufupishwa, na kwenye lebo nyembamba halikai bila ama kupunguza ukubwa wa herufi au kulikata. Kulikata kunawezekana, kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu na mahali pa kukata hujulikana, lakini neno lililokatwa kwenye ahadi muhimu hudhoofisha ahadi yenyewe. Zaidi ya hapo, j, g na y zina mikia inayoshuka chini ya mstari, na mikia hiyo mitatu hugongana na vichwa vya herufi za mstari unaofuata. Kijana alitafuta aina ya herufi iliyo nyembamba kidogo lakini yenye matumbo mapana, ili a zote tano za neno lile zisizibe zikichapwa ndogo. Akaongeza nafasi kati ya mstari na mstari. Programu ilipiga mistari myekundu chini ya kila neno, maana haikuwa imefundishwa Kiswahili, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsaidia kukagua tahajia ila macho ya wenzake. Kila maandishi hapa husomwa kwa sauti na mtu mwingine, herufi kwa herufi. Kwenye lebo ya maziwa ya ng'ombe husomwa hata ritifaa, kwa sababu bila hiyo neno linabadilika mdomoni.

Chupa nayo ina masharti. Asali ni nzito kuliko maji kwa karibu mara 1.4, kwa hiyo gramu 500 zinaingia kwenye chupa ya mililita 350 hivi, fupi kuliko mtu anavyotarajia. Chupa ya kipenyo cha sentimita 7 ina mzunguko wa sentimita 22, lakini anayeitazama kwa mbele huona chini ya nusu yake, na ile mipaka ya pembeni huonekana imebanwa. Sehemu inayosomeka vizuri ni kama sentimita 7 tu. Humo ndimo jina na ahadi lazima vikae. Uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi, anwani na namba ya simu vikaenda ubavuni, kwa herufi ambazo mtu mwenye umri ataweza kuzisoma. Dada ana desturi ya kumpa Mzee kila lebo aisome bila miwani. Mzee akishindwa, herufi zinaongezwa ukubwa.

Mzee ndiye anayejua kinachoipata kazi ikishatoka kwenye kioo. Kioo hutoa mwanga, karatasi hupokea wino, na rangi nyingi zinazowaka kwenye kioo haziwezi kupatikana kwa wino nne za mchapaji: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kijani kibichi hufifia, na rangi ya machungwa inayong'aa hupoa. Anawafundisha vijana kuchagua rangi kwenye kitabu cha sampuli zilizochapwa, kamwe wasichague kwenye kioo. Anawakumbusha kurefusha rangi ya ukingoni milimita 3 nje ya mstari wa kukata, kwa sababu kisu cha mashine huyumba, na kuyumba kidogo tu kutaacha uzi mweupe pembeni mwa lebo. Kwenye msimbo wa mistari, ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, aliwahi kumzuia kijana aliyetaka kuuchapa kwa nyekundu ili ufanane na nembo. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Lebo ingependeza, na chupa isingeuzika kwenye kaunta.

Halafu kuna mfuko. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Juni 2019, wafanyabiashara wengi wanataka nembo zao kwenye mifuko mbadala, na mifuko hiyo mara nyingi huchapwa kwa wavu, rangi moja. Mzee alichora duara la mzinga kwenye karatasi, akalikuza na kulipunguza. Likiwa na upana wa sentimita moja, tundu la nyuki liliziba. Kwa wavu, wino unapobanwa kupita kwenye matundu ya kitambaa huenea kidogo, na kitambaa cha mfuko ni kikorofi. Akamwita binti.

"Mjukuu wangu, mlango wa nyuki umefungwa. Wafungulie."

Binti akapanua tundu, akaongeza unene wa duara kwa uwiano, akachapa tena. Ukikutana na nembo hiyo leo kwenye mfuko, kwenye lebo, au kwenye muhuri wa risiti, haijabadilika. Inaonekana rahisi kiasi cha mtu kudhani ilichorwa kwa dakika mbili. Urahisi huo ndio uliowagharimu siku nyingi, na hawakulalamika.

Siku za kawaida ofisini hazina fahari. Umeme hukatika, na wote hukimbilia kuhifadhi faili kabla betri ya akiba haijaisha. Mama ntilie huleta wali maharage saa saba, na kazi husimama ili watu wale pamoja. Mteja wa kadi za harusi hupiga simu usiku kusema ukumbi umebadilika. Mwingine huuliza kwa nini alipe kiasi hicho kwa kupanga maneno tu. Dada humwonyesha karatasi zenye vijumba, zote, zilizofutwa na zilizokataliwa, na mara nyingi hilo linatosha.

Saa kumi jioni kazi za siku hubandikwa ukutani na wote husimama mbele yake. Hapo kuna kanuni ninayoiona bora kuliko zote: hakuna anayeruhusiwa kusema "nzuri" au "mbaya". Unasema jicho lako lilikwenda wapi kwanza, kisha wapi, na lilikwama wapi. Aliyetengeneza hajitetei, anasikiliza na kuandika. Nimewaona vijana wakija wanyonge na kuondoka wamejaa hamu ya kurudi mezani, kwa sababu wameambiwa kitu wanachoweza kukirekebisha. Na Dada kazi zake hubandikwa pia, hukosolewa pia, na binti mwenye umri mdogo kuliko wote ndiye anayeanza.

Ninauheshimu ufundi huu kwa sababu ya mahali unapoielekeza bidii yake. Mchoraji wa picha huweka jina lake pembeni. Anayepanga lebo haweki jina popote, na kazi yake ikifanikiwa kabisa hakuna atakayegundua kwamba kulikuwa na kazi. Bibi atasoma tarehe ya mwisho bila kumwita mjukuu. Mnunuzi ataiona chupa ya kikundi cha Tabora kati ya chupa kumi. Neno litakaa bila kukatika. Hii ni adabu inayotendwa kwa watu wasioonekana, na wanaoitenda wanastahili kujulikana na kulipwa inavyopasa.

Kwa hiyo mwenye biashara anayesoma haya namwomba jambo moja: mwite mbunifu kabla hujanunua chupa, umpe muda, na umweleze ni nani atakayesoma. Na kwa vijana wanaotaka kazi hii, programu si ngumu kuipata siku hizi. Masomo ya kuitumia yamejaa kwenye intaneti, na mengi ni mazuri. Kinachokosekana ni kukaa karibu na mtu anayeweza kukuambia kwamba mlango wa nyuki umefungwa, akuonyeshe kwa nini, kisha akuachie penseli uufungue mwenyewe. Ofisi ya Dada ina nafasi ya vijana watatu. Mji huu unahitaji ofisi nyingi za namna hiyo, na viti vingi zaidi kando ya watu kama Mzee.